Hati ya Kiapo Isiyotaja Mbuzi

Mama alikuwa na mbuzi kumi na mmoja, nami niliwaacha wote nje ya hati yake ya kiapo. Sikusahau. Aliwataja mara tatu tukiwa tumeketi nje ya nyumba yake ukingoni mwa msitu, na mara zote tatu nilisita na kungoja aendelee na jambo jingine. Niliandika mizinga yake ya nyuki. Niliandika majina ya miti ambayo nyuki huipenda, nikaandika na kaburi la babu yake lililoko ng'ambo ya mto. Mbuzi sikuwapa hata nusu mstari. Shamba lake dogo la mahindi nalo nililiruka, pamoja na paa lake la mabati na simu anayoichaji kwa sola.

Siku ya kuapa nilimsomea hati ile kwa Kiswahili, aya baada ya aya, kama inavyopasa kwa mtu asiyesoma Kiingereza cha mahakama. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mbona mbuzi hawamo?"

"Mama, hao hawana uzito katika kesi hii," nikamjibu.

Akanitazama kitambo. "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma." Akakichovya kidole gumba kwenye wino na kukiweka nilipomwonyesha.

Miezi kadhaa baadaye upande wa serikali ukajibu, na jibu lao lilikuja na picha. Ya kwanza ilikuwa ya mabati, ya pili ya mahindi, ya tatu ya mbuzi. Hoja yao ilikuwa moja: huyu mama si mwindaji wala mkusanyaji, ni mkulima kama wakulima wengine, na amevamia msitu. Mama alipokuja ofisini tulimwekea picha zile mezani. Akazisogeza karibu na macho, akazitazama moja moja, na alipofika kwa mbuzi akatabasamu. Alimtambua beberu wake. Kisha tabasamu likamtoka.

"Ni hawa," akasema. "Kwani ninyi mlikuwa mmewaficha?"

Ndiyo, mama. Tulikuwa tumewaficha. Hatukusema uongo, tulinyamaza tu, na katika kazi yetu kunyamaza huitwa mkakati. Nimeandika makala haya kupinga mkakati huo, na ninaanza na ofisi yangu mwenyewe kwa sababu ndiyo ninayoijua makosa yake.

Ofisi yetu iko Nakuru, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tuko watatu: wakili mkuu aliyenifunza kazi, mimi, na karani ambaye anaijua sajili ya mahakama kutushinda sisi wawili. Riziki yetu hutoka kwenye mauzo ya mashamba, mirathi, talaka na ajali za matatu. Kesi za jamii na za mazingira huingia katikati ya hizo, na mara nyingi wenye kesi hufika wakiwa wengi, viti visiwatoshe, na nauli ya kurudi wakiwa wameichangishana. Kwa miaka mingi tulikuwa na rafu mbili kwa kesi za namna hiyo. Ya kushoto imeandikwa "Mazingira". Hapo kuna migodi ya mawe, maji taka, viwanda na leseni za NEMA. Ya kulia imeandikwa "Ardhi za Jamii". Hapo kuna watu wanaosema wamefukuzwa kwao.

Faili ya mama ilikuwa kwenye rafu ya kulia. Faili ya msitu wake ingekuwa kwenye rafu ya kushoto, kama msitu ungekuwa na wakili. Nimekuja kuamini kwamba dhambi yetu ya kwanza ilianzia kwenye rafu zile, kabla sijashika kalamu.

Ngoja nieleze hofu iliyonifanya niwafiche mbuzi, maana haikutoka hewani. Mwaka 1999 Waogiek wa Tinet, katika Msitu wa Mau, walikwenda Mahakama Kuu ya Kenya wakitaka kuzuia wasiondolewe. Mwaka 2000 wakashindwa. Mojawapo ya mambo yaliyowaangusha ni kwamba majaji waliwaona kuwa watu waliokwisha kubadilika: hawaishi tena kwa kuwinda na kukusanya, wanalima, wanafuga, wamejenga. Kwa hiyo, kwa mtazamo wa hukumu ile, hawakuwa na sababu ya kuuhitaji msitu kuliko Mkenya mwingine yeyote. Kila mwanafunzi wa sheria anayepita kwenye somo la ardhi huikuta hukumu hiyo, na fundisho analoondoka nalo ni lile niliyoondoka nalo mimi: mteja wako akiwa mwenyeji wa msitu, mfanye afanane na msitu. Mvue mabati. Mnyang'anye mbuzi. Mpe upinde.

Baadaye ilikuja Katiba ya 2010, na kifungu cha 63 kikataja miongoni mwa ardhi za jamii zile ambazo kwa jadi zilikaliwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Maneno hayo yalikuwa ushindi, na wapo watu waliopigania miaka mingi ili yaandikwe. Lakini mikononi mwa wakili mvivu, mlango ule uligeuka kipimo cha urefu. Ukitaka kupita, sharti uinamie chini ya neno "wawindaji". Nasi tukaanza kuwainamisha wateja wetu.

Hebu tuulize swali ambalo haliulizwi mahakamani. Ni mwenye hatimiliki gani nchini Kenya ambaye amewahi kutakiwa athibitishe kwamba anaishi kama alivyoishi babu yake alipoipata ardhi ile? Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999. Sijawahi kusikia kwamba mjukuu wa mlowezi alipoteza shamba kwa sababu ameacha kuvaa kofia ya jua, au kwa sababu ng'ombe wa maziwa amewabadilisha kwa maua ya kusafirishwa Ulaya. Yeye akibadilika, tunasema ameendelea. Mama wa mbuzi akibadilika, tunasema amepoteza haki. Huyu ana karatasi, ndiyo sababu ruhusa ya kuishi katika karne yake anayo. Yule hana karatasi, kwa hiyo anatakiwa abaki katika karne ya babu yake ili awe yeye mwenyewe ndiyo karatasi.

Huo ndio ubaguzi ninaoupinga, na uchungu wake ni kwamba sisi mawakili wa jamii tunaufanyia kazi. Kila hati inayowaficha mbuzi ni kura tunayoipigia kanuni isemayo kwamba mbuzi huondoa haki. Wakili wa serikali akitoa picha, hajavumbua hoja mpya. Anatimiza hoja tuliyomwandalia. Tumekwisha kukubali kwa kunyamaza kwamba mbuzi ni aibu. Yeye amekuja tu kututangazia aibu yetu.

Na tuliyafanya haya wakati sheria yenyewe imekwisha kutuacha nyuma. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, ilitoa hukumu katika kesi ya Waogiek dhidi ya serikali ya Kenya. Chanzo chake kilikuwa notisi ya Oktoba 2009 iliyowapa siku 30 kuondoka Mau. Serikali ilileta hoja ileile ya mwaka 2000: hawa wamebadilika. Mahakama haikuikubali. Ilieleza kwamba utamaduni hautakiwi kusimama pale pale ili uendelee kuwa utamaduni, na kwamba sehemu ya mabadiliko ya Waogiek ilitokana na kuzuiwa kuufikia msitu wao. Fikiria jambo hilo la pili. Unamfungia mtu mlango wa msitu, anaanza kupanda mahindi ili asife njaa, kisha unayatumia mahindi hayo kama ushahidi kwamba hauhitaji msitu.

Hukumu hiyo tulikuwa nayo ofisini. Ilikuwa imechapishwa, ina karatasi za rangi pembeni nilizozibandika mwenyewe. Bado niliogopa hukumu ya 2000 kuliko nilivyoiamini ya 2017.

Kuna kesi nyingine inayoifanya hofu yangu ionekane ya kichekesho. Waendorois wa Ziwa Bogoria ni wafugaji. Mwaka 1973 ardhi yao ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyamapori na wakaondolewa. Mwaka 2003 shauri lao lilifikishwa kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tume iliamua kwa upande wao mwaka 2009, na Umoja wa Afrika ukauidhinisha uamuzi huo mwaka 2010. Humo ndani mifugo haikufichwa. Malisho na chumvi ya kando ya ziwa vilikuwa moyo wa malalamiko: watu hawa wamenyimwa mahali ambapo wanyama wao waliishi vizuri. Hapo mifugo ilibeba haki. Kwetu, umbali wa saa chache kwa gari, mimi nilikuwa nawafukuza mbuzi kwenye aya ya saba.

Sasa turudi kwenye rafu ya kushoto, ile ya mazingira, kwa sababu wapo wasomaji ambao wamekuwa wakitikisa kichwa tangu mwanzo. Watasema: na msitu je? Mbuzi hula miche. Mahindi yanataka ardhi isiyo na miti. Ukiwaachia watu wote wenye hadithi ya babu aliyezikwa ng'ambo ya mto, mito itakauka, na wa mjini mtakunywa nini?

Swali hilo ni la haki na sitalikwepa. Wapo wenyeji wanaochoma makaa. Wapo wazee wanaouza sehemu za ardhi ya jamii kwa wageni na kugawana pesa usiku. Wakili anayekuja mahakamani akisema kwamba jamii asilia haiwezi kuharibu mazingira anaeneza hadithi ileile ya upinde, ila ameipaka rangi ya kijani. Mtu ni mtu. Anaweza kuutunza msitu na anaweza kuukata, kama mimi na wewe.

Lakini sheria ya mazingira ina kipimo chake, nacho ni ushahidi. Nani amekata, wapi, kiasi gani, na nini kitafanyika. Katika Mau kipimo hicho kilipotumika, jibu halikuwa lile lililotarajiwa. Mwaka 2001 serikali yenyewe ilimega zaidi ya hekta 60,000 kutoka kwenye misitu ya Mau. Mahakama ya Arusha ilipoangalia madai kwamba Waogiek wanaondolewa ili msitu upone, haikuona ushahidi kwamba wao ndio walioumaliza. Ilitaja uvamizi wa watu wengine, ardhi ya msitu iliyogawiwa na serikali kwa makazi, na leseni za ukataji miti zilizotolewa bila busara. Hata hivyo aliyepewa siku 30 ni mrina asali.

Hapo ndipo utakapoona ubaya wa rafu mbili. Ukiliweka neno "mazingira" upande mmoja na neno "wenyeji" upande wa pili, umeshakubali kwamba hayo mawili ni wapinzani, na kazi ya hakimu itakuwa kupima nani mzito zaidi. Serikali inakuja na msitu mkononi, wewe unakuja na mama mmoja mwenye mizinga, na umekwisha kushindwa kabla ya kuinuka kwenye kiti. Kumbe Katiba ileile haikuyatenga. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Mama wa mbuzi angeweza kuja mahakamani kama mlinzi wa msitu, akiwa na kila sababu ya kuuliza kwa nini wenye misumeno wana vibali. Sisi tulimleta kama mtu anayeomba asifukuzwe.

Tazama Lamu. Mwaka 2016 NEMA ilitoa leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wakazi wakaenda kwenye jopo la kitaifa la mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walioitwa mikutanoni hawakuwa na taarifa za kutosha kujua wanachoulizwa. Ile ilikuwa kesi ya mazingira kwa jina, lakini ilishinda kwa hoja ya watu: mwenyeji hakusikizwa. Na haki yao ya kusikizwa haikutegemea kama wanavua kwa ngalawa au kwa boti ya injini. Hiyo ndiyo sheria ninayoitaka. Mwenyeji asikizwe kwa sababu yupo na ataathirika, si kwa sababu anafanana na picha ya kale.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumeisema methali hiyo mara nyingi hadi tumesahau kwamba ina sharti ndani yake. Mgeni anakaribishwa ili mwenyeji apone. Mradi ni mgeni. Hifadhi ni mgeni. Wakili naye, anaposhuka kwenye pikipiki na mkoba wake wa karatasi, ni mgeni vilevile, na inafaa aulizwe: tangu aje, nani amepona?

Ndugu zangu wa taaluma wana jibu tayari. Wajibu wa wakili ni kumshindia mteja wake. Kesi si mhadhara. Ukiwa na ukweli unaokuumiza, mwache mpinzani autafute mwenyewe. Mwenzangu mmoja aliniambia hivyo tukinywa chai kwenye kibanda cha nje ya mahakama, naye ni wakili mzuri, mwenye huruma kuliko mimi. "Wewe unataka usafi wa moyo," akasema, "na yule mama anataka ardhi."

Nimelifikiria neno hilo sana. Namjibu mambo mawili.

La kwanza, hatukushinda kwa kuficha. Tulipoteza. Shahidi ambaye hati yake haikuwa na mbuzi, na picha zina mbuzi, ameshaanza kuonekana mwongo, na uongo huo sikumwuliza kama anautaka. Alipoweka kidole chake kwenye wino, alikuwa akiapa juu ya maneno yangu. Aibu ya kuulizwa "Je, huyu si mbuzi wako?" ingemwangukia yeye, si mimi niliyemwambia hawana uzito. Wakili akibahatisha, anayelipa ni mteja.

La pili linahusu maana ya kushinda. Hesabu miaka. Waendorois: 1973 hadi 2010, na hata baada ya hapo utekelezaji ulibaki kuwa kazi ya kusukumana. Waogiek: notisi mwaka 2009, hukumu mwaka 2017, hukumu ya fidia tarehe 23 Juni 2022 iliyowapa zaidi ya shilingi milioni 157 na kuagiza warejeshewe ardhi, na Novemba 2023 familia zikaondolewa tena katika Mau. Mombasa, watu wa Owino Uhuru waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakapokonywa na Mahakama ya Rufani mwaka 2023, wakarejeshewa na Mahakama ya Juu mwaka 2024. Mtoto aliyezaliwa kesi ikifunguliwa huweza kumaliza shule hukumu haijatekelezwa.

Katika miaka yote hiyo watu hawasimami. Wanaoa, wanazika, wananunua mabati, wanapeleka watoto chuo. Kesi ambayo inaweza kushinda tu ikiwa mteja atabaki alivyokuwa siku ya kuifungua ni kesi iliyotegwa. Muda wenyewe utamshinda, hata kama serikali haitatuma wakili. Ndiyo maana ninasema mkakati wa kuficha haumpi mama ardhi. Unampa kifungo cha kutoonekana akiishi.

Na tunapopata hukumu nzuri, tunafanya nini? Tunapiga picha kwenye ngazi za mahakama. Mimi pia ninazo picha hizo. Suti nyeusi, wazee wameshika bango, kila mtu anacheka. Kisha wakili anafunga faili, na jamii inarudi nyumbani na karatasi ambayo askari wa msitu hajaisoma. Ofisi kubwa zina idara za kufuatilia utekelezaji, na mashirika yana wafadhili. Ofisi ndogo ina karani mmoja na kodi ya nyumba. Lakini ofisi ndogo ina kitu ambacho wale hawana. Tuko karibu. Mama anaweza kupanda matatu asubuhi, akafika kwetu saa nne na kuuliza faili imefika wapi. Kama hatutautumia ukaribu huo, basi hatuna sababu ya kuishika kazi hii. Tuwaachie wenye idara.

Tangu siku ya picha zile tumebadilisha jinsi tunavyofanya kazi, na ninayasema haya hadharani ili tushikwe kwayo. Hatufungui faili ya jamii kwa kuongea na mwenyekiti peke yake. Tunaomba mkutano wa wote, wanawake na vijana wakiwemo, na tunaandika majina ya waliopinga. Tunawaambia idadi ya miaka kabla ya kuwaambia vifungu vya sheria, tukiwatajia Bogoria na Mau kwa tarehe zake. Wengine huondoka wakisikia, na hiyo ni haki yao. Makubaliano yetu ya kazi hayaishii kwenye hukumu. Yanasema nani atafuatilia, na kwa fedha zipi. Hatupokei kazi ya mwekezaji katika msitu au mto ambao tuna mteja wake. Hilo limetugharimu, na mwezi ule tulichelewesha kodi. Hati ya kiapo tunaisoma kwa lugha ya mwenyewe, na baada ya kuisoma tunauliza swali moja: nimeacha nini? Mtu akisema tumeacha mbuzi, mbuzi wanaingia.

Rafu mbili tumeziunganisha. Karani alilalamika kwamba sasa hapati faili haraka. Wiki ya tatu akaniletea faili ya mgodi wa mawe na faili ya ardhi ya jamii, akaziweka pamoja mezani. "Hizi ni za kijiji kimoja," akasema. "Mlikuwa hamjui?" Hatukuwa tunajua.

Ninyi mnaosoma haya mkiwa chuoni, au mkiwa wanagenzi katika ofisi za watu, mtafundishwa kuchonga. Mtafundishwa kwamba mteja mzuri ni mwenye hadithi nyoofu, na kwamba mwenyeji halisi yuko kwenye kitabu cha anthropolojia kilichoandikwa na mtu aliyekaa naye miezi sita. Kataeni mapema, maana ukishazoea huoni tena unachokata. Anayekuja kwako na simu, mbuzi, mtoto aliye chuo kikuu na mizinga ishirini msituni amekuletea kesi nzima. Usimrudishe nyumbani na nusu yake.

Kwa mama tuliandaa hati ya kiapo ya nyongeza. Niliipeleka mwenyewe, nikamsomea nje ya nyumba yake, pale pale tulipoketi mara ya kwanza. Mabati yamo, na mwaka aliyoyanunua, kwa pesa za asali. Mahindi yamo, na ukubwa wa shamba, na mwaka alioanza kulima, ambao ni mwaka uleule alioanza kuzuiwa kuingia msituni na mizinga. Simu imo. Yamo na maneno yake kuhusu malori ya magogo yaliyokuwa yakipita usiku, ambayo mara ya kwanza niliyaona hayahusiani na kesi ya ardhi. Nilipofika kwa mbuzi alininyamazisha kwa mkono.

"Umeandika kumi na mmoja," akasema. "Wawili wamezaa. Andika kumi na watatu."

Nikakata kwa kalamu, nikaandika 13 juu yake, akaweka kidole gumba kando ya marekebisho, na kamishna wa viapo akatia mhuri. Kesi imeahirishwa mara mbili tangu hapo, na siwezi kukuambia tutashinda. Tunarudi mahakamani mwezi ujao. Mbuzi wako kwenye aya ya saba.